Injini Inayopona Lizaboni Tu

Jumapili, 11 Januari
Leo mama amefika Songea na injini ya boti. Amesafiri nayo kutoka Mbamba Bay kwenye buti la basi, imefungwa kwa magunia na shuka la zamani la baba, na kila basi liliposimama alishuka kuitazama. Mimi na mjomba Osmund tulikwenda stendi kumpokea na bajaji. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mabega na kunipima urefu kwa macho. Halafu akamgeukia dereva wa bajaji na kumuuliza kama breki zake ni nzima. Ndivyo alivyo mama yangu.

Mimi naishi kwa mjomba, hapa Lizaboni, tangu darasa la tano, mwaka aliofariki baba. Sasa naingia kidato cha tatu. Mama alibaki kijijini kwetu Mbungani, kusini mwa Mbamba Bay, akiendesha boti ya baba. Kifuku, msimu wetu wa mvua, kikikolea barabara ya huko hukatika, na hapo kila mtu, kila gunia la muhogo na kila ndoo ya dagaa hupita mikononi mwake.

Ugonjwa wa injini, kwa maelezo ya mama: ukiiongezea mafuta inanguruma sana, lakini boti haiongezi mwendo.

Jumatatu, 12 Januari
Gereji ya mjomba ni ya pikipiki na mashine za kusaga, lakini yeye husema injini ni injini. Walisimamisha magogo mawili, wakapigilia ubao juu, wakaitundika injini ile na kutumbukiza mguu wake kwenye pipa la maji. Watu waliopita walisimama. Majaliwa, fundi wa mjomba, akawatangazia kwamba Bandari ya Lizaboni imefunguliwa, wenye tiketi wapange mstari. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akauliza meli inaondoka saa ngapi. Majaliwa akamjibu inasubiri tu maji yafike.

Mjomba aliifungua kabureta, akaisafisha, akairudisha. Kisha akainama na bisibisi kwenye skurubu ndogo ya pembeni, ile inayopanga petroli na hewa, akaizungusha kidogo kidogo huku akisikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Sauti ilikuwa nzito, ikawa nyepesi, ikawa safi kabisa. Alipoingiza gia maji yaliruka nje ya pipa hadi kwenye suruali za watazamaji.

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

Jumatano, 14 Januari
Mama ameondoka na injini yake. Tulilala kitanda kimoja na miguu yake ilikuwa baridi. Anasema Songea ni friji. Mchana, nikiwa shule, aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alionekana mdogo humu ndani, kama mgeni asiyejua akae kiti kipi. Hata hivyo nilitamani abaki.

Jumanne, 20 Januari
Mvua. Logarithimu.

Jumamosi, 24 Januari
Mama amepiga simu. Injini sasa ina ugonjwa wa pili. Inawaka vizuri, lakini ukiiongezea mafuta tu inakohoa na kuzima. Jana ilimzimikia mbele ya jabali lililo karibu na kijiji, akiwa na abiria, wakapiga makasia hadi mikono ikaota malengelenge. Mjomba alimuuliza kama anachanganya oili na petroli sawasawa. Mama akasema amekuwa akichanganya tangu mjomba hajaota ndevu, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu mjomba ndiye mkubwa.

Jumatano, 4 Februari
Injini imerudi Songea, safari hii peke yake, chini ya uangalizi wa kondakta.

Jumamosi, 7 Februari
Bandari ya Lizaboni imefunguliwa tena. Mjomba amebadilisha plagi, kichujio cha petroli na mpira wa kupitisha mafuta. Akasikiliza, akazungusha skurubu yake. Ikawaka mara moja na kupokea mafuta bila kukohoa. Majaliwa alijaribu kusokota mkono wa mafuta zaidi, maji karibu yote yakaruka, akalowa hadi kofia.

Mjomba alijifuta mikono akasema, "Hii injini haina kitu. Shida ni huyo anayeiendesha." Nilimwamini. Nilimwona mama akilini mwangu, akiusokota kwa haraka yake ileile ya kufagia uwanja uliofagiwa.

Alhamisi, 12 Februari
Imeondoka na basi la asubuhi.

Jumapili, 22 Februari
Kule ziwani imezima tena. Mama hakugomba. Alisema fundi wa pale Mbamba Bay alihamia Kyela tangu mwaka jana, na yeye hawezi kuendelea kupandisha injini milimani na kuiteremsha kama mgonjwa wa rufaa. Amekubaliana na mtu anayeitwa Rupert, mwenye maboti Mbamba Bay, kwamba ikifika Pasaka haijapona atainunua boti. Mama atahamia Songea, atafute sehemu ya kupika chakula sokoni.

Simu ilipokatwa mjomba alikwenda gerejini kulitazama pipa.

Mimi nilikwenda kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi, nikasimama nyuma ya shuka na kufurahi. Mama atakaa hapa. Nikitoka shule nitamkuta.

Jumatatu, 23 Februari
Nimemwambia Zulfa. Yeye ni rafiki yangu wa dawati moja, kwao Namtumbo, na hapa anaishi kwa shangazi yake. Nilidhani atanipongeza. Aliniuliza tu, "Na mama yako, yeye anataka?" Nikamwambia tusome.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua ya wiki nzima. Milima ya Matogoro haionekani kabisa, kana kwamba imehamishwa. Zulfa alinunua krispi na pakiti ilikuwa imevimba kama mto wa kulalia. Krispi za Songea huwa hivyo siku zote. Zulfa anasema tunauziwa hewa, na hewa yenyewe haina chumvi.

Jumatano, 18 Machi
Mtihani wa fizikia. Nimejibu yote, isipokuwa swali la mwisho, ambalo nimelijibu kwa matumaini.

Nimekuwa nikiomba kila usiku. Siombi injini isipone, hapana. Naomba mama aje. Najua Mungu anaweza kuunganisha mambo hayo mawili mwenyewe.

Jumamosi, 28 Machi
Shule imefungwa kwa wiki moja na zaidi kidogo, na mjomba amenipakia basi niende kumsaidia mama kufungasha. Mbinga ilikuwa na ukungu na baridi. Nilimaliza maji yangu pale, nikafunga chupa na kuitia mkobani. Kisha barabara ikaanza kuteremka, kona baada ya kona, masikio yakaziba na kuzibuka, hadi ziwa likatokea chini kabisa, limelala kimya na rangi ya bati jipya.

Mama alikuwa ufukweni Mbamba Bay na boti, na kina mama watatu wenye ndoo waliokubali kujaribu bahati yao. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Tulipotoka kidogo mama akaiongezea mafuta, taratibu kabisa, kwa vidole viwili kama anayeshika yai. Ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba, ikawaka. Akaongeza, taratibu vilevile, ikazima. Nilimtazama mkono na sikuona haraka yoyote ndani yake. Nikakumbuka maneno ya mjomba na jinsi nilivyoyaamini.

Tuliwasili kwa makasia. Nilipotoa chupa yangu mkobani ilikuwa imebonyea katikati, kama mtu ameikaba kiunoni.

Jumapili, 29 Machi
Leo ni Jumapili ya Matawi. Kanisani nilikuwa nimeshika kuti langu na kufikiria chupa. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Krispi zilizofungwa pwani zinavimba Songea. Chupa iliyofungwa Mbinga inabonyea ziwani. Kule juu hewa ni nyepesi; huku chini ni nzito. Na mjomba aliipanga injini ile kwa sikio lake, akaipa petroli ya kutosha hewa ya kule juu. Huku inavuta hewa nyingi kuliko aliyoipimia, petroli inakuwa haba, inakohoa.

Baada ya ibada nilipanda kwenye mwamba wa nyuma ya kanisa, ambako simu hushika, nikampigia mjomba nikamweleza. Niliogopa kidogo.

Kisha akaanza kucheka, polepole. "Kumbe mimi nimekuwa naitengenezea Lizaboni," akasema. "Mwambie mama yako nimemkosea. Hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Alinielekeza skurubu ya kuzungusha. Mama alishika bisibisi, mimi nikashika simu, na boti ikiwa imefungwa kwenye mti wa ufukweni tuliifungua skurubu robo, tukajaribu. Robo nyingine, tukajaribu. Safari ya tatu mama alisokota mafuta hadi mwisho na injini ikapokea bila kukohoa hata kidogo. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

Tukafungua kamba tukatoka. Injini ikanguruma, ikanguruma zaidi, na boti ikaenda mwendo wa bata.

Mama akazima. "Huu sasa ndio ugonjwa wangu wa Januari," akasema. "Ulikuwa umejificha nyuma ya ule wa kaka yangu." Anaamini gia zimekwisha. Akasema ikiwa ni gia hakuna tena la kufanya. Boksi la gia atamwachia Rupert alifungue mwenyewe. Rupert anakuja Jumatano.

Jumatatu, 30 Machi
Mjomba amepiga simu kabla hata hatujanywa chai. Naona hakulala. Anasema propela si kipande kimoja. Katikati kuna bomba la chuma linaloshika shafti, nje kuna mapanga, na kati yake kuna mpira mgumu unaounganisha viwili hivyo, ili propela ikigonga jiwe mpira uteleze na gia zisivunjike. Mpira ukichoka, unateleza hata bila jiwe. Shafti inazunguka, injini inanguruma, mapanga yanazunguka kwa uvivu. Kwenye pipa huwezi kuliona hilo, kwa sababu pipani hakuna mzigo wa kusukuma.

Njia ya kujua ni kuchora mstari mmoja, kutoka bomba la katikati, kupita juu ya mpira, hadi kwenye mwili wa nje. "Kisha nendeni na mzigo," akasema. Mkirudi na mstari umebaki mmoja, mpira ni mzima na ugonjwa ni gia. Ukikatika, ugonjwa ni mpira, na mpira mjomba anauweza.

Nimechora mstari kwa rangi ya kucha niliyoazima kwa Zulfa, nyekundu. Mama amesema propela yake sasa inaweza kwenda harusini.

Jumanne, 31 Machi
Tumekwenda Mbamba Bay na kurudi, na magunia. Tulipoinua injini nilikuwa karibu zaidi. Mstari umekatika. Nusu moja iko juu, nusu nyingine imehamia kando kabisa. Mama aliuliza ukoje. Nilisema propela ina matope, tutatazama kesho.

Haikuwa na matope.

Jumatano, 1 Aprili
Nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Niliamka mapema na mama hakuwepo ndani. Nilimkuta ufukweni, maji yakiwa magotini, anasugua boti kwa mchanga na kipande cha wavu. Alisugua kila ubao, hata chini ya viti ambako Rupert hatatazama. Alikuwa anaimba kwa Kinyasa, wimbo wa kupigia makasia, kwa sauti ambayo Songea sikuisikia hata siku moja. Nikaanza kusugua upande wa pili. Hakuuliza kitu kuhusu propela. Nadhani alikwisha amua jibu lake.

Rupert alifika asubuhi kwa boti yake, mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya majani. Aliomba waende mara moja hadi ng'ambo ya jabali aone boti inavyokaa majini. Habari ikawafikia watu waliokuwa wanasubiri usafiri, na kabla hatujasukuma walikuwa wamekwisha kuingia: bibi mmoja na mbuzi, vijana wawili na baiskeli, mama mwenye mtoto mgongoni. Rupert akasema haya ni majaribio. Bibi akamwambia na wao wanajaribu tu.

Hapo ndipo nilipomwona mama. Alisimama nyuma, mkono mmoja kwenye injini. Akamwambia kijana ahamishe baiskeli mbele, akahamisha. Akamwambia mwingine avue viatu, akavua. Akamwambia Rupert mwenyewe akae katikati maana upande wake unazama, na Rupert, mwenye maboti, akanyanyuka akakaa katikati huku watu wakicheka. Mbuzi peke yake ndiye aliyebisha. Boti ilikwenda polepole, injini haikuzidishiwa, na mama aliisoma njia kati ya mawe yaliyo chini ya maji bila kuyatazama. Watu walimwita nahodha. Hawakumtania, ndilo jina lake.

Nikamfikiria sokoni Songea, ameinama juu ya sufuria, anasubiri nitoke shule.

Tuliporudi Rupert alisifu mbao. Akasema injini ataivua, mwili wa boti utamfaa kusombea mchanga wa kujengea. Mama aliitikia kwa kichwa. Akatoa kitambaa kiunoni akafuta kiti alichokuwa amekaa Rupert, ingawa kilikuwa kikavu.

"Mama," nikasema, "si gia. Ni mpira."

Aliendelea kufuta. "Umejua lini?"

"Jana."

Rupert alianza kutazama milima ya Malawi ng'ambo ya ziwa, kwa makini sana.

Mama akaja akakaa kwenye ukingo wa boti, karibu nami. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonifanya nianze kulia. "Ulitaka nije Songea," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi nataka kukaa na wewe, Lidwina. Kila siku nataka. Lakini kule ningekuwa mtu wa kungoja kutwa nzima, na wewe ungekuja kunichoka. Hapa ukija unanikuta ni mtu kamili." Akanifuta uso kwa kitambaa kilekile cha boti. "Haya, nionyeshe huo mstari wako."

Tukainua injini. Tukatazama wote watatu, na Rupert ameinamisha kofia. Alipoelewa alipiga paja. Akasema amepoteza petroli bure, basi angalau apewe samaki. Mama akamkaangia mbasa wawili, akala, akatuaga vizuri. Kabla ya kuondoka alimnong'oneza mama kwamba naye ana injini moja inayonguruma bure, na kama mtoto angekuwa na nafasi siku moja aje na rangi yake.

Ijumaa, 3 Aprili
Ijumaa Kuu. Propela imevuliwa. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa kitenge.

Jumapili, 5 Aprili
Pasaka. Ugali wa muhogo, samaki, na kwaya iliyoimba hadi mvua ikakata tamaa. Mama amekaa nami ufukweni mchana kutwa. Hatukuzungumza jambo lolote kubwa. Amenifundisha kusoma mawe.

Jumatano, 8 Aprili
Nimerudi Songea na propela mkobani, juu ya vitabu. Kondakta aliuliza ni feni ya aina gani.

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili. Akausukuma mpira wa zamani kwa jeki, ukatoka umeng'aa kwa kuteleza. Akatafuta kwenye makopo yake bushi ya gari, ya mpira, inayokaribiana nao kwa unene, akaichonga, akaipaka sabuni, na yeye na Majaliwa wakaikandamiza hadi ikaingia kwa mlio wa mlango mzito. Wakati wanafanya hivyo mjomba alisema, bila kunitazama, kwamba Januari mama alimwambia ukweli wote wa ugonjwa kwa sentensi moja, na yeye akasikiliza injini badala ya kumsikiliza dada yake. Majaliwa akasema Bandari ya Lizaboni ifungwe sasa. Mjomba akakataa. Amesema pipa linabaki, ila mwenye injini ya ziwani atapangiwa skurubu ziwani, hata kwa simu.

Nimechora mstari mpya. Zulfa alishika brashi mwenyewe, maana anasema wa kwanza niliuchora umepinda.

Jumamosi, 11 Aprili
Propela imeondoka na basi.

Jumatano, 15 Aprili
Kimya. Mama yuko mahali pasipo na mtandao, au mambo hayajaenda vizuri. Mjomba amekwenda mlangoni kutazama barabara mara nyingi sana kwa mtu anayedai anatazama mvua.

Matokeo ya fizikia yametoka. Lile swali la mwisho nimepata.

Jumapili, 19 Aprili
Jua kali. Matogoro imerudi mahali pake, kila mti unaonekana. Tulikuwa tunakula mchana simu ilipolia, na mjomba akaweka sauti ya nje. Kwanza hatukusikia mtu. Tulisikia injini, nzito, imejaa, na chini yake maji yanapasuka kwa kasi, na mbuzi analalamika. Mjomba aliacha kutafuna. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema taratibu kwamba hiyo imebeba watu kama kumi.

"Kumi na wawili," mama akajibu. Alikuwa anapiga kelele kushinda upepo. Akasema Lidwina yuko wapi. Nikasema nipo. Akasema likizo ya mwezi wa sita nisipande boti ya mtu mwingine pale Mbamba Bay, nimsubiri yeye. Halafu tukaisikia injini ikipungua, ikizimwa, na maji yakipiga ubavu wa boti. Sauti za abiria zikauliza kuna nini. Alikuwa amesimama katikati ya ziwa na watu wake kumi na wawili, anainua injini.

"Mstari ni mmoja," akasema.